Mwambie Mzazi Wako

Tangazo la shule ya msingi ya serikali lina ufunguzi mmoja ambao kila aliyepita mstarini anaujua: ukifika nyumbani, mwambie mzazi wako. Baada ya hapo hufuata chochote. Kikao Jumamosi saa tatu. Chanjo keshokutwa, mje na sare safi. Kidumu cha maji na fagio, la sivyo getini hupiti. Mtoto wa miaka saba anafanywa tarishi asiye na posho, na ofisi zote kuanzia Dodoma hadi kwa mwalimu mkuu zinategemea kwamba hatasahau njiani akinunua ubuyu.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiifuata sentensi hiyo ilikotoka. Huku Kinyerezi ninakoishi, maisha ya familia nyingi hupangwa na tarehe za shule kuliko kalenda nyingine yoyote. Kodi ya nyumba inaweza kuombewa muda. Tarehe ya kufungua shule haiombewi. Ndiyo maana swali la nani anapata habari ya shule, lini, na kwa njia gani, linanishughulisha kuliko linavyoonekana kustahili.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na humo likatoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Waliopeleka habari kwa sehemu kubwa walikuwa walimu na watumishi wa serikali waliotawanywa katika miji na vituo. Waingereza walipochukua nchi, Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith, na Januari 1923 idara hiyo ikaanza kuchapisha Mambo Leo hapa Dar es Salaam. Wengi tunalijua gazeti hilo kwa sababu ya mashairi, maana Shaaban Robert alichapisha humo. Tunasahau kwamba lilikuwa gazeti la Idara ya Elimu. Pamoja na mafunzo ya kilimo na afya lilikuwa na habari za miji, ambamo mtu wa mji mdogo aliandika nani kahamishwa, mvua imenyeshaje, shule imefanya nini.

Sitaki kulipamba. Mhariri alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na msomaji hakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika wasome katika mifumo mitatu tofauti, jambo lililofutwa rasmi tarehe 1 Januari 1962. Ila kuna kitu kimoja ambacho sikukitarajia: habari ilipanda. Mwalimu wa bara aliandika, Dar es Salaam ikachapisha, na mwalimu wa pwani akasoma. Ukilinganisha na tangazo la mstarini, ambalo hushuka tu kama maji ya bomba (yakiwepo), utaona tofauti.

Habari kubwa kuliko zote iliyowahi kushuka ilitoka Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977. Mpango wa awali ulikuwa umelenga mwaka 1989. Yaani miaka kumi na miwili ilikatwa kwa azimio moja. Nchi ilikuwa na redio, na ilikuwa imejifunza kuitumia: kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima kwa vikundi vijijini kusikiliza kipindi na kisha kwenda kuchimba vyoo. Palipokosa redio kulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Habari ya Musoma haikukosa njia ya kufika.

Kilichokosekana ni walimu. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, redio na semina. Walikuwa makumi ya maelfu. Wazee wanaposema "mwalimu wa UPE" bado kuna kacheko ndani yake, na mimi nadhani kacheko hicho si cha haki. Walibeba agizo lililotangulia maandalizi. Wakati huo serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa tangu 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, kwa hiyo hapakuwa na halmashauri ya wilaya yenye madiwani ambapo mzazi angeweza kupeleka swali: madawati yako wapi? Zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Katikati, Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilifanya mahudhurio kuwa ya lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto akawa mkosaji mbele ya sheria. Tangazo likapata meno.

Wakati huo Kinyerezi haikuwa mjini. Sensa ya 1978 iliuhesabu mkoa mzima wa Dar es Salaam kuwa na watu 843,090. Sensa ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Hiyo tofauti ilikwenda kulala wapi? Sehemu yake ilikuja huku: Tabata, Segerea, Bonyokwa, Kinyerezi, Kifuru, hadi Malamba Mawili, kwenye maeneo yaliyokuwa mashamba. Watu walinunua viwanja kwa hati za mwenyekiti wa mtaa, wakajenga chumba kimoja kimoja, kisha wakauliza shule iko wapi. Serikali ilikuja baadaye, na ilipokuja na mitambo ya umeme wa gesi, Kinyerezi ikaanza kutajwa kwenye taarifa ya habari kwa megawati. Watoto wa waliokuwa wanajenga hawakutajwa, lakini ndio walioongezeka zaidi.

Wimbi la pili la shule lilikuja na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002. Ada ya shule ya msingi, iliyokuwa imerudi kwa majina mbalimbali katika miaka ya 1980, ilifutwa, na uandikishaji ukapanda kutoka wanafunzi milioni 4.8 hivi mwaka 2001 hadi karibu milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yakafurika kama baada ya Musoma. Safari hii, hata hivyo, karatasi za mpango zilikuwa na jambo jipya: kamati ya shule yenye wazazi ndani, ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi, na sharti kwamba fedha zilizoingia na zilivyotumika ziandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi yeyote anaweza kusoma.

Ubao ule ni kitu kidogo, nakubali. Mbao mbili na misumari. Lakini Uganda ilikuwa imeshajaribu. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi, ukiacha mishahara, iliyofika shuleni. Iliyobaki iliyeyuka katika ofisi za wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana: wapo wanaosema si magazeti, ni mageuzi mengine ya fedha yaliyokwenda sambamba. Naona wana hoja. Hata hivyo sijamsikia hata mmoja anayesema kuficha kungeleta matokeo yale.

Kwetu ubao ulibaki, maandishi yakapauka. Nimesimama mbele ya mbao kadhaa za shule huku pembezoni mwa jiji. Ratiba ya zamu ya walimu ipo, majina ya viranja yapo, kauli mbiu ya shule imepakwa rangi. Safu ya mapato na matumizi mara nyingi ina kichwa bila mwili.

Halafu likaja neno "bure". Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulisema kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima vimekwisha, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Ni uamuzi ninaoutetea popote, maana najua waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Lakini angalia ulivyofika. Watu wengi waliusikia kama "serikali imebeba kila kitu", na ndani ya miezi michache ikabidi utolewe Waraka Na. 3 wa 2016 kufafanua nani anafanya nini: sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Kikao cha wazazi, ambacho kwa miaka mingi kiliitishwa kukusanya fedha, kikapoteza sababu yake machoni pa wengi. Niende kufanya nini kama ni bure? Wachache walioendelea kwenda hawakuulizwa maoni, walisomewa.

Na ruzuku yenyewe? Iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mwaka 2002 shilingi 10,000 ilikuwa dola kumi, pungufu au zaidi kidogo. Leo haifiki dola tano. Hiyo nayo ni habari ya shule, na haijawahi kusomwa mstarini.

Machi 2020 tulipata funzo la upande mwingine. Tarehe 17 Waziri Mkuu alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na kesho yake viwanja vilikuwa vitupu nchi nzima. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Kwa miezi ile mtoto tarishi hakuwepo, na ndipo makundi ya WhatsApp ya wazazi yalipopata nguvu mitaani kwetu. Sasa tangazo hufika saa nne usiku, katikati ya picha za bidhaa na dua za Ijumaa, na mzazi mwenye simu ya kitochi bado anamsubiri mtoto. Kuna jambo ambalo teknolojia hii imelirudisha bila kukusudia: mzazi anaweza kujibu. Mara nyingi admini hufunga kundi muda mfupi baada ya tangazo, wabaki wasimamizi tu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wahenga, ila hawakusema unaruhusiwa kuuliza jambo gani.

Nayasema haya yote kwa sababu lipo tangazo moja linalokuja, na tarehe yake inajulikana. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, ukiwemo darasa la tatu. Piga hesabu kwa vidole. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 anamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027. Dada yake aliyekuwa darasa la nne mwaka huohuo anaendelea na mtaala wa zamani na kumaliza darasa la saba, mwaka 2027. Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza. Mikondo miwili ya nchi nzima, mlango mmoja.

Kwa mzazi mwenye watoto waliofuatana mwaka mmoja, maana yake ni sare mbili, mabegi mawili, nauli mbili, Januari moja. Kwa shule ya sekondari ya kata yenye madarasa yanayotosha leo kwa shida, ni jambo jingine kabisa. Inawezekana kulipanga. Mwaka 2021 mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano ya UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000, na 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari. Januari 2022 waliofaulu waliingia kidato cha kwanza wote kwa mkupuo, bila kusubiri chaguo la pili. Kwa mara moja darasa lilitangulia tarehe. Walimu ndio hawajengwi kwa miezi mitatu, na wanaokumbuka "voda fasta" wa 2006, wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na kutupwa kwenye shule za kata, wanajua ninachosema.

Nilimuuliza jirani yangu, mama anayeuza chakula karibu na kituo cha daladala, kama amesikia habari za 2028. Ana wa darasa la tatu na wa la nne wa mwaka ule, kama kwenye mfano wangu. Alijua darasa la saba linafutwa. Hakujua kwamba wanawe watamaliza pamoja. Nilimchorea kwenye karatasi ya kufungia vitumbua, mistari miwili inayokutana Januari 2028. Akaitazama kwa muda.

"Kwa hiyo hata dada hatamwachia mdogo wake sketi," alisema. Kisha akaniuliza kama hili limeshasemwa kwenye kikao. Kikao kijacho, kwa mujibu wa karatasi aliyoleta mtoto, ni Jumamosi saa tatu, ajenda taaluma na nidhamu, na mengineyo. Alikunja mchoro wangu akautia ndani ya kibubu cha chenji, akasema ataupeleka kwenye mengineyo.