Mapumziko ya baridi milimani: nyumba zinazojulikana, hali ya barabara, na mambo ya kuuliza kabla ya kutoka Goma

Miezi ya saba na ya nane, shule zikifunga, kuna jamaa nyingi hapa mjini zinazotamani siku mbili tatu mbali na vumbi, honi za motari na kelele za jenereta. Wanataka nyumba ndogo mlimani, blanketi nzito, chai ya moto na kimya. Milima tunayo, tena tunaiona kila asubuhi mawingu yakifunguka. Shida ni kujua pa kufikia, na kama njia ya kufika iko wazi. Hapa tunaeleza hali ilivyo, ili wasikilizaji wetu wapange kwa macho wazi.

Baridi yetu inatoka wapi

Ulaya wanangoja mwezi wa kumi na mbili ili wapate baridi kali. Kwetu, karibu na ikweta, baridi haina mwezi wake. Inafuatwa kwa kupanda. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digri 6. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Hiyo ni tofauti ya karibu digri 12, bila kuhesabu upepo. Ndiyo maana waliolala kule juu wanasema usiku unakaribia sifuri, wakati huku chini watu wanalala na shuka moja.

Kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane kinafaa zaidi kwa safari sababu njia zinakauka. Lakini mbingu ikiwa wazi usiku, baridi inazidi. Watu wengi hawalitegemei hilo: mchana jua linachoma, usiku meno yanagongana.

Nyumba za mlimani zinazojulikana

Nyiragongo. Juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo la volkano, hifadhi ya Virunga ilijenga vibanda vidogo vya kulala watu wawili wawili. Safari ilianzia Kibati, kaskazini mwa mji, na kupanda kulichukua kati ya saa nne na saa sita. Hakuna maji kule juu, kwa hiyo kila kitu kilibebwa: maji, chakula, makala, nguo. Vijana wengi wa Kibati walikula kwa kazi hiyo ya upagazi. Kibali kwa mgeni kutoka nje kilikuwa dola 300. Kwa jamaa nyingi za hapa mjini, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ndiyo maana wengi waliozaliwa chini ya mlima huu hawajawahi kuukanyaga, wakati watu waliotoka ng'ambo ya bahari wamelala juu yake.

Rumangabo. Kwenye barabara ya Rutshuru, ndani ya msitu wa kituo kikuu cha hifadhi, kuna nyumba za mawe za Mikeno Lodge, kila moja na mahali pake pa kuwashia moto. Huko ndiko mfano wa karibu zaidi wa kile watu wanachokiona kwenye sinema: nyumba peke yake, miti mirefu, ukungu wa asubuhi.

Ruwenzori. Upande wetu wa Kongo, njia inaanzia Mutsora, karibu na Mutwanga, wilaya ya Beni. Njiani kuna vibanda vya kupumzikia vya Kalonge, Mahangu na Kyondo, kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Hiyo ni safari ya siku nyingi, na kule juu kuna barafu ya kweli. Wenye kutafuta siku mbili za usingizi tu watafute kwingine.

Masisi na Lubero. Ukipita Sake, barabara inapanda kuelekea Mushaki. Ni vilima vya majani, ng'ombe na fromaji ambayo Goma nzima inaifahamu. Lubero nako ni baridi, nchi ya viazi na ukungu. Huku usitegemee hoteli za watalii. Watu hufikia kwa ndugu, kwa rafiki mwenye shamba, ao kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Bei zinapatana na mfuko wa mtu wa kawaida, na mapumziko ya namna hii ndiyo yaliyozoeleka kwa watu wetu.

Kwa nini milango ilifungwa

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka wa 1925, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwezi wa tano 2018 utalii ulisimamishwa, baada ya mlinzi wa hifadhi kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Ulifunguliwa tena mwezi wa pili 2019, ukafungwa mwezi wa tatu 2020 sababu ya Covid-19. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ikalipuka, kama ilivyolipuka 1977 na 2002.

Kisha vita. Mapigano ya M23 yaliyoanza upya mwishoni mwa 2021 yalipita Rutshuru na Masisi, yakafika Lubero mwaka wa 2024 na ndani ya Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Upande wa Beni, watu wamekuwa wakiuawa na ADF kwa miaka. Kibati yenyewe, mahali wapandaji walipofungia viatu, imejulikana mara nyingi zaidi kama mahali pa mapigano na pa wakimbizi. Kwa hiyo ukiona bei ao picha za nyumba hizi kwenye intaneti, usidhani mlango uko wazi. Picha nyingi ni za zamani.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutoka

Uliza watu watatu tofauti kuhusu barabara: dereva aliyepita jana, mtu anayekaa kule unakokwenda, na mtu asiyepata faida yoyote ukienda. Wakipingana, ngoja.

Ndani ya hifadhi usiingie bila kibali wala mlinzi, hata kama kijana fulani anakuambia anajua njia ya mkato. Kwa volkano, fuata tangazo la kituo cha OVG: rangi ni kijani, njano, machungwa na nyekundu.

Beba kadi ya uchaguzi. Beba feza ndogo ndogo za faranga, na kama una dola, hakikisha haijachanika, la sivyo itakataliwa. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji na siku ya kurudi, sababu mtandao wa simu unapotea kwenye mabonde. Safiri mchana, fika kabla ya saa kumi.

Kwenye mfuko tia soksi mbili za sufu, kofia, koti la mvua na shati kavu la kubadilisha ukifika. Jasho likipoa juu ya mwili ndilo linaloleta baridi ya hatari.

Hatari mbili zisizoonekana

Ya kwanza ni mbabula. Baridi ikizidi, watu huingiza makala chumbani na kufunga dirisha. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, usingizi unamshika, na haamki. Ota moto nje, kisha acha mbabula nje wakati wa kulala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha kupasha kitanda.

Ya pili ni mazuku, hasa kwenye barabara ya Sake na kando ya ziwa. Hewa hii ni nzito, inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Ukiona ndege ao panya wamekufa mahali pa chini, usishuke, na watoto wasichezee hapo.

Kama barabara haikuruhusu mwaka huu, mlima hauhami. Ahirisha safari, weka feza pembeni, na endelea kuuliza. Kwa wapagazi wa Kibati na wenye nyumba za wageni kule vilimani, siku njia zitakapofunguka kweli, mgeni wa kwanza wa kuwafaa anaweza kuwa mkaaji wa Goma.