Hesabu Zilizoinua Matuta ya Uholanzi

Kwa karne nyingi Waholanzi walijenga matuta ya kuzuia bahari kwa kanuni moja: huchukuliwa kimo cha mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, kisha huongezwa kiasi kidogo cha tahadhari. Udhaifu wake ni kwamba bahari hailazimiki kuishia pale ilipowahi kufika.

Mwaka 1939 mhandisi P. J. Wemelsfelder wa Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia maji, alipitia kumbukumbu za vipimo vya Hoek van Holland, mlangoni mwa bandari ya Rotterdam. Alihesabu ni mara ngapi maji yalivuka kila kimo, na alipochora takwimu hizo kwenye karatasi ya logi, nukta zikajipanga karibu katika mstari ulionyooka. Mstari huo uliporefushwa, ulionyesha kuwa maji ya juu kuliko yote yaliyowahi kupimwa yanaweza kuja.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 yalikuja. Hapo Hoek van Holland bahari ilipanda mita 3.85 juu ya alama ya taifa ya kupimia kimo cha maji. Matuta ya kusini-magharibi yalibomoka, hekta zipatazo 200,000 zikafunikwa na maji ya chumvi, na watu 1,836 wakafa.

Mwezi huohuo serikali iliunda Tume ya Delta. Mwanahisabati David van Dantzig wa Amsterdam aliombwa kujibu swali zito: tuta liwe na kimo gani? Alieleza kuwa kila tuta linapoinuliwa, gharama ya ujenzi huongezeka, lakini hasara inayotarajiwa hupungua. Hasara hiyo kwa mwaka hupatikana kwa kuzidisha thamani ya vilivyo nyuma ya tuta kwa uwezekano wa tuta kuzidiwa katika mwaka mmoja. Kimo bora ni kile ambacho jumla ya gharama na hasara za miaka yote ijayo ni ndogo kuliko zote.

Katika ripoti ya mwaka 1960, eneo la Amsterdam, Rotterdam na The Hague liliwekewa kiwango cha 1 kwa 10,000 kwa mwaka, yaani kustahimili maji ya mita 5 hapo Hoek van Holland. Kiwango hicho hakimaanishi kungoja miaka 10,000: dhoruba ya kuleta maji hayo yaweza kuja kesho. Ila kwa mtu atakayeishi miaka 70, uwezekano wa kuikuta ni takriban asilimia 0.7. Kiwango kingekuwa 1 kwa 100, ungekuwa nusu kwa nusu.

Mwaka 1997 lilizinduliwa lango la Maeslant la kuzuia bahari, karibu na Hoek van Holland, lenye milango miwili ya urefu wa mita 210 kila mmoja, ambayo hufungwa maji yanapotabiriwa kufika mita 3.

Tangu 2017 sheria inataka ifikapo 2050 uwezekano wa mkazi yeyote aliye nyuma ya matuta kufa kwa mafuriko usizidi 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Matuta hukaguliwa kila baada ya miaka 12, kwa kuwa bahari inapanda, ardhi inadidimia na miji inakua, na kila badiliko huigusa hesabu yenyewe.