Twarika ya Kadiria na Ushuhuda Wetu Kusini mwa Tanzania

Mtumishi anayepelekwa Chiwata, au penginepo kati ya Masasi na Newala, huenda akiijua vema habari ya Martin Luther, lakini aghalabu hajui lolote juu ya Abdulkadir Jilani. Hata hivyo, majirani wengi atakaoishi nao wamelelewa katika Uislamu uliosambazwa Kusini kwa sehemu kubwa na masheikh wa twarika.

Jilani alifariki Baghdad mwaka 1166, na twarika ya Kadiria ina jina lake. Katika pwani yetu ilienezwa hasa na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja wakati wa Sultani Barghash (1870–1888) na kuuawa huko Somalia mwaka 1909. Huko Bagamoyo iliongozwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Yeye alizaliwa Manyema, akaletwa pwani akiwa mtumwa.

Anayejiunga hushikana mkono na sheikh na kuahidi utii, huitwa muridi. Hupewa uradi wa kusoma kila siku. Katika zikri, waumini husimama pamoja, wakilitaja jina la Mungu kwa pumzi na mwendo mmoja wa mwili. Khalifa hupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na silsila, yaani orodha ya walimu, mmoja nyuma ya mwingine, hadi kwa Mtume Muhammad.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Mtu aliyekatwa na ukoo wake kwa utumwa alipata katika silsila ukoo mwingine. Misheni ya Masasi nayo ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa UMCA pamoja na watumwa walioachwa huru, waliotoka Unguja. Kanisa na twarika, kila mmoja kwa njia yake, viliwaita watu wa namna moja: wale waliohitaji jina na jamaa.

Wazee wetu wa misheni hawakuliona jambo hilo kwa urahisi. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Maka ilienea kutokea Lindi, ikiwahimiza watu watubu kwa kuwa mwisho umekaribia. Serikali ya Kijerumani, ambayo Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia tu, ilihofia uasi mpya. Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin, aliyechapisha utafiti wake juu ya Uislamu mwaka 1912, aliutazama kama mshindani wa Injili. Wito wa toba ukasomwa kama wito wa vita.

Sisi hatukubali kwamba kuna mlolongo wa walimu unaomfikisha mwanadamu kwa Mungu. Twakiri mpatanishi mmoja, Kristo, na neema isiyopatikana kwa uradi. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa. Lakini mhubiri aiitaye zikri ngoma ya mashetani, bila kuuliza inamaanisha nini, ameivunja amri ya nane kabla ya kuifafanua imani yake. Basi na tumjue jirani kwanza, ndipo tumshuhudie. Mtu aliyetafuta jamaa atasikiliza habari za Baba, iwapo anayezileta hajamsingizia.