Kanda, Diski na Memori Kadi

Nimeuza filamu Kariakoo, Dar es Salaam, tangu enzi za kanda za VHS. Filamu ya saa mbili ilinakiliwa kwa saa mbili, na nakala ilitoka na chenga, kwa hiyo wateja walirudi kwetu kununua kanda halisi. Zilipokuja diski, kijana mwenye kompyuta alichoma nakala safi kwa dakika chache. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ilikuwapo, lakini haikuzuia hilo. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) za kutambulisha nakala halali, lakini zilibandikwa kwenye kasha, wakati watu walishaanza kuingiziwa kwenye memori kadi filamu zilizopakuliwa intaneti. Mauzo yakafa. Na wasanii wengi, inaniuma kusema, walikuwa wameshauza haki zao kwa mkupuo. Hata nakala halali haikuwaongezea senti. Wasanii chipukizi, msisaini mkataba wa namna hiyo.