Kalamu Nyekundu ya Nehama Leibowitz

Kila urudipo mwezi wa Aprili, yapasa kumkumbuka mwanamke aliyefariki mjini Yerusalemu tarehe 12 ya mwezi huo mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 91, ambaye, ijapokuwa alipata cheo cha profesa na tuzo kubwa ya taifa lake, hakutaka juu ya kaburi lake iandikwe sifa yoyote ila ile ya mwalimu. Huyo ni Nehama Leibowitz, na kazi iliyomtukuza ilikuwa karatasi moja ya maswali kila juma, juu ya fungu la Taurati lisomwalo juma lile, iliyopelekwa kwa posta kwa kila aliyeitaka.

Desturi ya kuisoma Taurati hadharani ni kongwe. Kitabu cha Nehemia chasimulia jinsi Ezra alivyowasomea watu uwanjani mbele ya Lango la Maji. Baadaye Mayahudi wa Palestina waliigawa isomwe kwa muda wa miaka mitatu hivi, wale wa Babeli wakaimaliza kwa mwaka mmoja, na desturi ya Babeli ndiyo iliyoenea, hata leo mafungu ni 54, na Mayahudi wa Mbale nchini Uganda aghalabu hulikuta siku ya Sabato fungu lile lile lisomwalo Yerusalemu. Wala kulifungamanisha fungu na maisha ya nyumbani si jambo la jana: kitabu cha Kiyidi kiitwacho Tze'enah u-Re'enah, ambacho chapa yake kongwe iliyosalia ni ya Basel ya mwaka 1622, kilisomwa na akina mama kwa karne nyingi, na mwaka 1730 mjini Istanbul Rabi Yaakov Culi alianza kutoa Me'am Lo'ez kwa Kiladino, kwa ajili ya umma usioweza tena kufaidi vitabu vya Kiebrania.

Nehama alizaliwa Riga mwaka 1905, akasoma Ujerumani, na utafiti uliompa shahada ya udaktari ulihusu tafsiri za kale za Biblia zilizofanywa na Mayahudi wa nchi ile kwa ajili ya watu wa kawaida. Basi alipohamia Palestina mwaka 1930 alikwisha jua kwamba elimu isiyomfikia mtu katika shughuli zake ni hazina iliyofungiwa. Mwaka 1942 wanawake waliokuwa wamesoma kwake kwa miezi kadhaa, na ambao iliwalazimu kurejea kwenye mashamba ya ujamaa na malezi ya watoto, walimwomba asiwaache hivi hivi. Akawatungia maswali. Khabari zikaenea, na kabla ya miaka mingi kupita wakawa wanamwandikia askari walio kambini, wakulima, wauguzi na walimu wa shule, naye akasahihisha majibu ya kila mmoja kwa wino mwekundu na kuyarudisha, maelfu kwa maelfu, hata mwaka 1971 alipofunga mfululizo ule.

Karatasi yenyewe haikuwa na mahubiri. Ilikuwa na aya, na kauli za wafasiri wawili au watatu wasioafikiana, kisha maswali, mengine yakiwa na alama ya kumwonya msomaji kuwa ni magumu. Na swali lake mashuhuri lilikuwa hili: ni jambo gani katika aya lililomtatiza Rashi, yule mfasiri wa Troyes wa karne ya 11, hata akaona haja ya kusema neno? Mwanafunzi aliyetaka kurukia ibra ya maisha kabla ya kuisoma aya alirudishwa nyuma bila huruma. Lakini aliyesubiri alifikishwa mbali. Katika fungu la Vayetze, Raheli amwambia Yakobo kwamba asipopata watoto atakufa, na Yakobo amghadhibikia. Wasomaji wengi humwona Yakobo mkatili. Nehama aliwaletea maneno ya Isaac Arama, mwanachuoni wa Hispania wa karne ya 15, aliyefundisha kwamba mwanamke wa kwanza alipewa majina mawili, moja la ubinadamu wenye akili na utambuzi sawa na mwanamume, na la pili, Hawa, la uzazi, na kwamba aliyenyimwa la pili hakupungukiwa na la kwanza. Kwa hiyo hasira ya Yakobo ilimwangukia mke aliyejihesabu maiti kwa kukosa mtoto. Nehama mwenyewe hakujaliwa mtoto. Sikuona mahali alipolitaja jambo hilo katika mafunzo yake, na kwa kutolitaja alimwachia kila mwanamke msomaji wake nafasi ya kuingia na huzuni yake mwenyewe.

Penye elimu hapakosi husuma. Baadhi ya washika dini walimlaumu kwa kumnukuu Benno Jacob, rabi wa Ujerumani wa madhehebu ya mageuzi, pamoja na wengine walio nje ya safu yao, wakisema haifai maneno ya watu kama hao kukaa karatasi moja na ya Rashi. Alikataa kata kata, akishika kanuni ya mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maimuni kwamba kweli hupokewa kwa yeyote aliyeisema. Wanafunzi wake husimulia ugomvi huu kwa fakhari kuliko tuzo aliyopewa mwaka 1956, nami nawaunga mkono, kwani mwanamke yule mwenye kofia ya bereti na suti ya rangi ya kahawia, aliyeshika sheria za dini yake zote, angaliweza kujipatia amani kwa kufuta majina machache tu, asiyafute.

Leo masinagogi ya Israeli hujaa vipeperushi kila Sabato, vyenye tafakari fupi juu ya fungu la juma zikibanwa na matangazo ya biashara, na msomaji haulizwi kitu wala hatakiwi kujibu. Hasara hiyo yanisikitisha. Maswali ya Nehama yamehifadhiwa, tena yamewekwa kwenye intaneti. Ila majibu ya wale askari na wakulima yalirudi kwa wenyewe, yakatawanyika majumbani, na wenyewe wengi wamekwisha fariki. Warithi wenye sanduku la karatasi zilizoandikwa pembeni kwa wino mwekundu wazipeleke kwenye maktaba kabla hazijatupwa, maana ndani yake imo sauti ya watu walioisoma Taurati baada ya kazi za mchana, pamoja na ile ya mwalimu aliyewajibu mmoja mmoja.