Safu ya Lugha: Uimla

Sokoni Tawa siku hizi mwalimu mkali huitwa dikteta, na chifu afungaye vilabu vya pombe mapema huitwa vivyo hivyo. Jambo hilo, kwa yakini, ni kulidhulumu neno. Uimla, neno lililo karibu nasi zaidi kuliko udikteta, latokana na imla, neno la Kiarabu tulilolizoea darasani: mwalimu husoma, wanafunzi huandika, wala hapana aulizaye. Mkali ana ukali wake, dhalimu hula haki ya mtu, jabari hutegemea nguvu. Bali mwenye uimla hutaka taifa zima liandike atamkayo yeye, na mara nyingi (hapa ndipo watu husahau) sheria yenyewe ndiyo humpa chaki.

Kenya hatukuamka asubuhi moja tukaikuta hali hiyo mlangoni. Mwaka 1969 serikali ilikipiga marufuku chama cha KPU, upinzani ukazimika ijapokuwa katiba haikuukataza. Juni 1982 Bunge, lililochaguliwa na wananchi, likatia katika katiba kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee. Hata mwaka 1988, katika uteuzi wa chama hicho, wapigakura wakapangwa mlolongo hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Kifungu kilifutwa Desemba 1991, ila neno mlolongo limebaki na maana ya pili ambayo foleni haina.