Magari ya zamani: Lipi linaruhusiwa Safari Classic?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MWENYE Peugeot 404 iliyoegeshwa chini ya migomba, iwe Kahororo mjini Bukoba au wilayani Muleba, ana gari la aina ileile iliyompa ushindi Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, katika Safari Rally ya mwaka 1966 na ya 1967.

Swali ni iwapo gari hilo linaweza kurudi mashindanoni. Mlango upo: ni East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu Safari ya kwanza ya 1953. Makao yake ni Kenya, lakini katika baadhi ya miaka njia yake imeingia Tanzania.

Sharti la kwanza ni umri. Kwa muda mrefu yalikubaliwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1978, kisha mpaka ukasogezwa hadi miaka ya 1980. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa, wala si sura ya gari. Hapa wengi hukwama, kwani Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000. Magari mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kupishana kwa miaka 20.

Sharti la pili litawaudhi wengi: gari liendeshwe kwa magurudumu mawili tu. Land Rover, hata iwe kongwe kiasi gani, haimo.

La tatu ndilo gumu zaidi. Msingi wa mashindano ya magari ya kihistoria duniani ni Kiambatisho K cha kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), kinachotaka gari libaki na ufundi wa enzi zake. Fundi wetu akikosa vipuri vya Peugeot huweka injini ya Toyota, na gari linatembea vizuri. Ni ubunifu wa kupongezwa, lakini kwa mkaguzi gari hilo limekwisha kupoteza uhalali wake.

Usalama pekee ndio unaoruhusiwa, na kulazimishwa, kuwa wa kisasa: fremu ya mabomba ya chuma ndani ya bodi, mikanda ya mashindano, vizima moto, swichi kuu ya kukata umeme, helmeti na mavazi yasiyoshika moto kwa dereva na msoma ramani. Gharama kubwa iko hapo, na asiyeimudu asidanganyike kwamba ukongwe wa gari utamsaidia.

Njiani, mshindi ni mwenye jumla ndogo ya muda pamoja na adhabu. Kati ya hatua moja ya mbio na nyingine, magari hupita barabara za kawaida na kufuata sheria za usalama barabarani. Kwa kanuni za jumla za FIA, kuwahi kituo cha ukaguzi huadhibiwa kwa dakika nzima kwa kila dakika, wakati kuchelewa dakika moja ni sekunde 10.

Umri wa dereva haujawa kikwazo. Bjorn Waldegard wa Sweden, bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali mwaka 1979, alishinda Safari Classic ya 2011 akiwa na miaka 68, ndani ya Porsche 911. Msoma ramani wake alikuwa mwanawe.